Mbao na Chuma chenye Kutu katika Mapambo ya Ukutani: Dalili, Sababu na Tiba

Ubao wa jahazi kuukuu na kipande cha chuma chenye kutu hupendeza vikikaa pamoja ukutani, lakini kwa tabia havipatani. Ubao huvuta unyevu na kuutoa, chuma huliwa na unyevu huohuo, na hewa ya Lamu ina chumvi inayochochea pande zote mbili. Malalamiko ninayoletewa na wateja na mafundi wenzangu ni yaleyale mwaka baada ya mwaka, na mengi hufika mvua za masika zinapoanza na kusi kushika. Nimeyapanga kwa dalili, kwa kuwa mwenye pambo huiona dalili kabla ya kuijua sababu. Chini ya kila dalili, sababu inayotokea mara nyingi zaidi imetangulia, na ukaguzi usiohitaji kufungua kitu umewekwa kabla ya matengenezo yenyewe.

Neno moja linahitaji kusemwa mapema. Kutu ya chuma kilichookotwa ufuoni, iwe ni pete ya mnyororo, kipande cha nanga au msumari wa jahazi, si rangi iliyokwisha kukauka. Ni kazi inayoendelea ndani ya chuma. Hitilafu nyingi zilizoelezwa hapa zimetokana na fundi kuufunga ubao na chuma pamoja kabla ya kuisimamisha kazi hiyo.

Kabla ya kugusa chochote

Ikiwa chuma chako ni pipa lililowahi kubeba petroli, dizeli, tapentaini au kemikali yoyote, usilikate kwa moto wala kwa mashine inayotoa cheche, hata kama limekaa wazi miaka mingi na halinuki. Mvuke unaobaki kwenye mikunjo ya pipa unatosha kulilipua. Hiyo ni kazi ya fundi wa kuchomelea anayejua kusafisha mapipa, au uiache kabisa. Bati lenye zinki nalo lisichomelewe mahali pasipopitisha hewa, kwa sababu moshi mweupe wa zinki huleta homa na kubanwa kifua saa chache baadaye.

Rangi iliyobaki kwenye mbao za jahazi inahitaji tahadhari yake. Rangi za zamani huweza kuwa na madini ya risasi, na zile zilizopakwa sehemu ya chombo inayokaa chini ya maji huwa na sumu ya kuzuia viumbe wa baharini wasishike. Usizipige msasa zikiwa kavu. Zilowanishe, tumia msasa wa maji, vaa barakoa ya vumbi laini, kusanya tope lote kwenye gazeti, na usifanye kazi hiyo uani wanapocheza watoto. Ikiwa ndani ya nyumba yuko mjamzito au mtoto mdogo na vumbi la rangi hiyo limekwisha kuenea, waone watu wa afya kwanza, pambo lingoje.

Dalili ya kwanza: michirizi ya kutu ukutani, au kutu inayoshika mkono

Hili ndilo lalamiko kubwa kuliko yote. Pambo limetundikwa, miezi miwili imepita, na chini yake ukuta mweupe una machozi ya rangi ya matofali. Anza kwa kitambaa cheupe kikavu: kipitishe taratibu juu ya chuma, kisha kwenye kingo zake, kisha nyuma. Mahali kitambaa kinapotoka chekundu ndipo tatizo lilipo, na mara nyingi uso wa mbele utakuta ni safi ilhali nyuma ni unga mtupu.

Sababu ya kwanza ni kutu iliyolegea ambayo haikuondolewa kabla ya kupaka nta au vanishi. Kutu ina tabaka. La juu ni magamba na unga, na la chini limeshikamana na chuma, jeusi kiasi au la hudhurungi iliyokolea. Hilo la chini ndilo unalotaka libaki. Sugua kwa brashi ya waya mpaka kitambaa kitoke na rangi hafifu tu, wala usiogope kwamba uzuri utapotea, kwa sababu ukipaka nta rangi hukolea tena.

Sababu ya pili ni kupaka mbele pekee. Hewa yenye unyevu hukaa muda mrefu zaidi nyuma ya pambo, baina yake na ukuta, kwa kuwa hakuna jua wala upepo unaofika huko. Literemshe, lisafishe nyuma na kwenye kingo, upake nta ya nyuki iliyolainishwa kwa tapentaini tabaka 2 au 3, kila tabaka ikisubiriwa ikauke na kung'arishwa. Nta iyeyushwe ndani ya chombo kilichokalishwa kwenye maji ya moto, kamwe si juu ya moto wenyewe, na tapentaini itiwe ukiwa umekwisha kukiepua chombo na kukiweka mbali na moto. Kisha bandika vipande vya mpira au ngozi kwenye pembe nne ili pambo likae mbali na ukuta kwa milimita 8 hivi. Nta ya pwani haidumu. Irudie kila baada ya miezi 6, na wakati mzuri ni mwisho wa kaskazi, kabla ya mvua.

Sababu ya tatu hutokea kwa uchache kidogo lakini ndiyo iliyonisumbua kuliko zote, kwa hiyo nitaieleza kwa urefu. Ni chumvi iliyoko ndani ya chuma chenyewe. Chuma kilicholala ufuoni au kilichotumika chomboni hunywa chumvi kupitia nyufa na vishimo vya kutu mpaka ikafika pale chuma kizima kinapokutana na kutu, na huko brashi haifiki. Chumvi ya kawaida huanza kuvuta maji kutoka hewani unyevu unapopita takriban asilimia 75, kiwango ambacho usiku wa Lamu hukipita bila shida, na chumvi zinazozaliwa na chuma chenyewe huvuta maji hata hewa ikiwa kavu kuliko hivyo. Basi chuma hutoa jasho. Niliwahi kuwa na pete ya mnyororo niliyoipiga brashi, nikaipaka nta, nikaridhika nayo. Asubuhi moja ya mwezi wa tano nilikuta imeota vitone vidogo kama mbegu za ufuta, vya rangi ya chai ya rangi, kila kimoja kimekaa peke yake juu ya nta. Nilipokigusa kimoja kwa ncha ya sindano kilipasuka na kuacha shimo jipya, na ndani ya shimo hilo kulikuwa na kutu ya rangi ya machungwa iliyo hai.

Ukitaka kujua kama chuma chako kina chumvi kabla ya kukifunga kwenye ubao, kining'inize kikiwa kikavu ndani ya ndoo yenye mfuniko, na chini yake weka kitambaa kilicholoweshwa maji ya mvua, pasiguse. Kiache siku 2. Kikitoa vitone vya rangi ya chai, kina chumvi. Kikipata umande mweupe wa kawaida au kisipopata kitu, endelea na kazi.

Tiba yake ni subira. Kiloweke kwenye maji matamu, na yaliyo bora ni ya mvua, kwa kuwa maji ya visima vingi vya mjini yana chumvi yake. Ili chuma kisizidi kuliwa kikiwa majini, tia magadi soda safi ya kufulia, gramu 50 kwa kila lita. Magadi ghafi ya kupikia maharage hayafai hapa kwa sababu nayo huja na chumvi. Badilisha maji kila siku kwa wiki ya kwanza, kisha kila baada ya siku 3, na kwa kipande kinene kama nanga usitegemee kumaliza kabla ya mwezi. Vaa glavu, kwani magadi hukausha na kuchubua ngozi. Mwisho suuza kwa maji ya mvua yanayochemka, kausha juani mchana mzima, rudia jaribio la ndoo, na chuma kikipita kipake nta siku hiyohiyo kikiwa bado na joto.

Wapo wanaochochea kutu kwenye chuma kipya kwa siki na chumvi, au kwa siki, chumvi na dawa ya vidonda ya haidrojeni peroksaidi, kama wanavyoonyeshwa kwenye video. Njia hiyo huleta rangi nzuri ndani ya saa moja, lakini fundi wa Lamu anayeitumia anaipaka chuma chake kwa mkono chumvi ileile ambayo mwenzake anahangaika mwezi mzima kuitoa. Hapa kwetu siki peke yake, ikifuatwa na kulaza chuma nje usiku kadhaa mbali na upepo wa bahari, inatosha. Siki isikutane kamwe na dawa ya klorini ya kufulia nguo nyeupe, kwa sababu hutoa gesi inayochoma mapafu.

Wakati wa kuacha: chuma kikibanduka vipande kama maganda ya mkate na chini usipate chuma kigumu, kimekwisha. Hakuna nta itakayokishika. Kihifadhi mahali pakavu au ukitumie kama kielelezo cha kuchongea kingine.

Na ukuta uliochafuka? Hapa nilifanya kosa ambalo ningependa mwingine asilifanye. Nilichukua nusu ya ndimu nikasugua mchirizi ulioachwa na pambo langu kwenye ukuta wa chokaa wa mteja. Kutu ilififia, lakini chokaa nayo ilichemka kwa povu dogo na kuliwa, na pale palipokuwa na mchirizi pakabaki mfereji ulioweza kupimwa kwa ukucha. Ndimu, siki na asidi yoyote huyeyusha chokaa. Kwenye ukuta wa chokaa kwangua doa kidogo kidogo likiwa kavu, kisha paka chokaa mpya juu yake. Kama ukuta una nakshi za zamani, usiuguse kabisa. Mwite fundi wa chokaa.

Dalili ya pili: madoa meusi au ya buluu kwenye ubao kuzunguka chuma

Mvule, mbambakofi, msaji na hasa mkoko zina tanini nyingi, kemikali ya asili iliyomo ndani ya mti. Gome la mkoko kutoka pwani hii liliwahi kusafirishwa ng'ambo kwa ajili ya kutengenezea ngozi, na tanini ndiyo iliyokuwa ikitafutwa. Tanini ikikutana na chuma na unyevu hugeuka wino, na wino huo ndio doa unaloliona.

Ukaguzi ni rahisi. Dondosha tone la ndimu pembezoni mwa doa usikoonekana, subiri dakika 5. Likififia ni wino wa chuma. Lisipobadilika, safisha kwa maji, subiri ubao ukauke kabisa, kisha ujaribu mahali pengine tone la dawa ya klorini iliyopunguzwa: likififia sasa, ni ukungu wa unyevunyevu. Majaribio haya mawili yasifanywe mahali pamoja, kwa sababu ileile niliyoitaja kuhusu siki. Doa lisilosikia lolote kati ya hayo pengine ni alama ya moto au ya lami ya jahazi.

Wino wa chuma huondolewa kwa asidi ya oksaliki, inayouzwa kama unga mweupe wa kusafishia mbao. Kijiko kimoja cha chakula kwenye nusu lita ya maji ya moto hutosha, upakwe ubao wote na si doa peke yake, vinginevyo utabaki na duara jeupe. Kisha suuza mara kadhaa. Unga huo ni sumu ukimezwa na vumbi lake huumiza koo na mapafu. Usiuhifadhi kwenye chupa ya soda au kikopo cha chakula, na usipige msasa ubao ambao haujasuuzwa vizuri. Kabla ya kuanza, ondoa chuma ubaoni. Kisipoondolewa, doa litarudi kabla ya mwezi kwisha, kwa kuwa umefuta alama na kuacha kinachoandika.

Ili doa lisirudi, tenga vitu viwili hivyo. Mimi huweka washa za ngozi iliyolowekwa nta au za mpira chini ya chuma, kikae juu ya ubao kwa milimita 3 hadi 5, na tundu la skrubu hulipaka nta ndani kwa kijiti kabla ya kukaza. Skrubu ziwe za chuma cha pua. Pengo hilo dogo huleta kivuli chini ya chuma, na kwa macho yangu pambo hupendeza zaidi kuliko chuma kilipolala bapa.

Kuna doa jingine jeusi ambalo si la kuondoa. Kwenye ubao wa jahazi, kila tundu la msumari wa zamani lina duara jeusi lililopenya ndani. Likiwa gumu, liache, maana ni historia ya ubao na wanunuzi hulipenda kwa haki. Lichome kwa ncha ya kisu: kisu kikizama kama kwenye tende, msumari umeula ubao na hapo pasibebe uzito wala kupigwa skrubu. Sogeza tundu lako jipya mbali walau sentimita 4.

Mtu anayependa weusi huo anaweza kuutengeneza kwa makusudi. Loweka steelwuli, zile nyuzi nyembamba za chuma za kusugulia, kwenye siki siku chache, uchuje, upake kwenye mvule. Ubao utakuwa mweusi mbele ya macho yako. Chupa isifungwe kwa kukaza, kwani mchanganyiko hutoa gesi inayoweza kuipasua na inayoshika moto.

Dalili ya tatu: ubao umepasuka, umepinda, au skrubu zimelegea

Lalamiko hili hutoka Nairobi kuliko Lamu. Pambo limetengenezwa hapa kwenye unyevu, likapelekwa mji ulio juu ya mita 1,600 kutoka usawa wa bahari, pengine likatundikwa kwenye ofisi yenye mashine ya kupoza hewa, na baada ya wiki chache ubao umefunguka ufa kutoka skrubu moja hadi nyingine.

Sababu ya kwanza ni kuubana ubao usipate pa kwenda. Ubao hausogei kwa urefu wake kiasi cha kuhesabika, lakini kwa upana, kukata nyuzi, ubao wa sentimita 30 ukipoteza asilimia 4 ya unyevu hupungua milimita 2 hadi 3. Chuma hakipungui hata kidogo kwa kukauka. Skrubu mbili zilizokaza bamba moja la chuma kwenye kingo mbili za ubao huo zinauvuta ubao kila upande, na ubao unapasuka katikati. Angalia ufa: ukianzia au kuishia kwenye skrubu, huna haja ya kutafuta sababu nyingine.

Fungua. Skrubu moja, ya katikati, iachwe kwenye tundu la duara. Nyingine zote zipanuliwe tundu kwenye chuma liwe refu, milimita 4 zaidi ya skrubu kuelekea upana wa ubao, na zikazwe kwa washa mpaka zishike tu, kisha zirudishwe robo ya mzunguko. Ufa mwembamba usiujaze kwa gundi ngumu wakati ubao ukiwa mkavu kabisa, kwa sababu ukirudi pwani utavimba na kutafuta njia nyingine ya kupasuka. Kipande kidogo cha mti kilichochongwa kama kipepeo na kupachikwa nyuma ya ubao kinazuia ufa usiendelee.

Nimekuwa nikitumia pia njia ya wazee wetu. Mtepe, chombo cha visiwa hivi, kilishonwa kwa kamba ya makumbi ya nazi pasipo msumari. Kamba hunyumbuka mbao zinapovimba na kunywea, na haina kutu wala wino. Kwenye mapambo makubwa hutoboa matundu ubaoni kwa keekee, nikashona chuma kwa kamba ya makumbi yenye mizunguko mitatu, fundo likikaa nyuma. Katika yale niliyoyafunga hivyo, hakuna lililonirudia na ufa.

Sababu ya pili ni ubao kupakwa upande mmoja. Upande usiopakwa hunywa unyevu na kuutoa haraka kuliko mwingine, na ubao hubenuka kama vigae. Weka rula kwenye upana wake uone mwanga unapopita. Ukiwa umebenuka kidogo, paka upande wa pili sawasawa na wa kwanza, ulaze juu ya vijiti hewa ipite pande zote, usubiri wiki kadhaa. Usiuweke juani ukitarajia utanyooka.

Sababu ya tatu ni ubao mbichi. Mbao za jahazi mara nyingi zimekauka kwa nje tu, na zikitolewa majini huhitaji miezi kivulini kabla ya kuguswa. Zipime kwenye mzani wa jikoni au wa samaki mara moja kwa wiki. Uzito ukikoma kupungua, ziko tayari.

Dalili ya nne: chuma kimebanduka ubaoni

Tazama mgongo wa kipande kilichoanguka. Ukiona gundi imefunikwa na kutu pande zote, gundi haikushindwa. Ilishika kutu vizuri, na kutu ndiyo iliyoachia chuma. Kwangua mahali pa gundi mpaka chuma cheupe kionekane, futa kwa spiriti, tumia epoksi ya mchanganyiko wa sehemu mbili siku hiyohiyo. Ukiona gundi imebaki yote kwenye chuma na ubao ni msafi, ubao una mafuta. Mbao za vyombo zilipakwa sifa miaka na miaka, na mafuta hayo ya papa hupanda juu kila joto linapozidi. Harufu itakuambia. Hapo acha gundi, tumia skrubu au kamba.

Silikoni inayonuka siki inapokauka haifai kabisa, maana siki hiyo huendelea kukila chuma chini kwa chini na kuleta kutu mpya ya machungwa kuzunguka gundi. Na kwa hali yoyote kipande kizito kuliko gramu 300 nisingekiachia gundi peke yake, hasa pambo likiwa juu ya kitanda au baraza.

Dalili ya tano: vanishi imekuwa nyeupe kama maziwa, au inachanika

Weupe uliotokea siku ileile ya kupaka ni unyevu wa hewa ulionaswa ndani ya vanishi ikikauka. Usipake alfajiri, wala baada ya magharibi, wala siku ya mvua. Saa 4 asubuhi hadi saa 9 alasiri za kaskazi ndizo zetu. Vanishi ya aina ya laka iliyofanya weupe huweza kurudi wazi ikipuliziwa thina yake kidogo siku kavu.

Weupe au malengelenge yaliyokuja baada ya miezi ni kutu inayokua chini. Kutu huchukua nafasi kubwa kuliko chuma kilichoizaa, kwa hiyo huinua vanishi kama chapati inavyovimba. Kupaka tabaka jingine juu hakusaidii. Iondoe yote, urudi kwenye dalili ya kwanza. Kwa chuma chenye kutu kilichotundikwa karibu na bahari mimi nimeacha vanishi, natumia nta, ambayo haichaniki na hurekebishwa kwa kitambaa.

Ukipendelea mafuta ya kitani kwenye ubao, matambara yaliyolowa mafuta hayo hupata joto yenyewe na kuwaka moto yakirundikwa. Yatandaze moja moja nje au uyazamishe kwenye ndoo ya maji, usiku huohuo.

Dalili ya sita: unga mwembamba chini ya pambo

Matundu makubwa ya kutosha kuingia penseli, yenye utando mgumu mweupe kama ganda la yai ndani, yalitobolewa na mdudu wa baharini, ambaye alikufa ubao ulipotoka majini. Hayana madhara. Matundu ya milimita 1 au 2 yenye unga mpya kama wa ngano ni ya wadudu walio hai. Pigapiga ubao juu ya karatasi nyeusi, ufagie, utazame tena baada ya wiki.

Pambo dogo lifunge kwenye mfuko wa plastiki, toa hewa, uliweke kwenye friza ya kuhifadhia samaki kwa nyuzi 18 chini ya sufuri muda wa wiki 2. Likitoka, usifungue mfuko mpaka siku ya pili, ili umande ukae nje ya plastiki na si juu ya chuma. Ukiona njia za udongo badala ya unga, ni mchwa, na wamepitia ukutani. Hapo tatizo ni la nyumba. Mwite mtaalamu wa wadudu kabla boriti hazijafikiwa.

Dalili ya saba: pambo linainama au kulabu inatoka ukutani

Watu hukosea uzito. Bamba la chuma la mita 1 kwa nusu mita, lenye unene wa milimita 2, lina karibu kilo 8, na ubao wa mbambakofi wa ukubwa huohuo wenye unene wa milimita 25 unakaribia kilo 10. Hiyo ni kilo 18 kwenye msumari mmoja.

Kuta za mji wa kale ni matumbawe na chokaa. Ngozi ya juu ni laini, na jiwe lililo ndani lina mashimo yake. Gonga kwa kifundo cha kidole: sauti ya mtungi mtupu ina maana lipu imeachana na jiwe, basi sogea pengine. Toboa bila kutumia mtetemo wa nyundo, angalau sentimita 7, toa vumbi lote, tumia plagi ndefu ya kushikia skrubu ukutani na skrubu ya chuma cha pua, na mzigo ugawiwe kwenye kulabu 2 zilizoachana. Vumbi likitoka lenye unyevu na ladha ya chumvi kwenye ncha ya ulimi, ukuta huo unapandisha maji kutoka chini, na hata pambo lililotengenezwa vizuri litakula kutu pale. Lipeleke kwenye ukuta wa ndani.

Simama na uite mtu mwingine katika hali tatu. Ya kwanza ni pale tundu linapokuwa juu, chini au pembeni ya swichi kwa mstari ulionyooka, kwani nyaya hupita humo, na fundi wa umeme ndiye wa kuulizwa. Ya pili ni pale unapotoboka na msumari au ncha ya chuma ikaingia ndani ya nyama, hata kama damu ni kidogo: osha kwa maji na sabuni, nenda zahanati uulizie chanjo ya pepopunda, kwa kuwa vijidudu vyake hukaa kwenye udongo na uchafu ulioshika chuma na hupenda kidonda chembamba kirefu. Ya tatu ni ukuta wenye zidaka (vishubaka vilivyojengwa ukutani) au nakshi za lipu katika nyumba ya zamani. Mji wa kale wa Lamu umo katika orodha ya urithi wa dunia ya UNESCO tangu mwaka 2001, na nakshi hizo haziwezi kurudishwa zikishatobolewa. Ulizia kwanza kwa wahusika wa uhifadhi. Wakati ukisubiri jibu, simika pambo lako juu ya kigoda au kasha, liegemee ukuta likiwa na ngozi nyuma yake, na uzibe miguu yake kwa vipande viwili vya mpira ili lisiteleze.